Usiende Semina Kula Wali: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Anayetaka Kazi kwenye Asasi

Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Ndani ya siku chache barua za kusitisha kazi zikaanza kufika kwenye ofisi za miradi, na ilipofika 1 Julai mwaka huohuo shirika la USAID lilikuwa limefungwa, mabaki yake yakahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Maafisa ufuatiliaji, wahasibu wa miradi, madereva na washauri nasaha wa kliniki wakajikuta mtaani kwa wakati mmoja, wakituma wasifu kwa mashirika yaleyale machache yaliyobaki na fedha.

Katika msongamano huo kijana aliyemaliza chuo anaambiwa na kila mtu, "Tafuta koneksheni." Ushauri si wa uongo, lakini umekatwa katikati. Haumwambii amtafute nani, amwendee vipi, na wapi asikanyage kabisa. Yafuatayo ni kwa ajili yake, na kwa mkongwe aliyerudi sokoni baada ya miaka kumi ya kutegemea mfadhili mmoja. Ukali umo kwa makusudi. Sekta hii ni ndogo kuliko inavyoonekana: mtu uliyemwangusha Mwanza leo ndiye atakayepigiwa simu mwakani kuulizwa habari zako na shirika la Mtwara.

Jua unaingia wapi kabla hujamsumbua mtu

Wapo wanaosema "nataka kazi NGO" kana kwamba NGO ni kampuni moja yenye mlango mmoja. Kuna mashirika ya kimataifa yanayotekeleza miradi ya wafadhili. Kuna asasi za utetezi kama TGNP, HakiElimu na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Kuna taasisi zinazotoa ruzuku kwa wengine, kama Foundation for Civil Society. Na kuna asasi ndogo nyingi za wilayani zenye mwenyekiti, katibu, kompyuta moja na mhuri. Kila kundi linaajiri kwa namna yake na kwa msimu wake.

Kwa Tanzania, soma angalau Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 na ujue Msajili ni nani na NaCoNGO ni nini. Kwa Kenya, jua kwamba Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma iliyopitishwa 2013 ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024 tu, na kwamba mabadiliko hayo yanawashughulisha watu unaotaka kuongea nao. Kisha fungua ripoti ya mwaka ya shirika unalolitaka, usome mpaka kurasa za fedha ambazo vijana wengi huziruka. Humo ndimo utaona mfadhili ni nani na mradi unaisha lini. Mradi unaofungwa Desemba hauajiri Oktoba, na ukienda kuomba kazi hapo mwezi huo utakuwa umemwonyesha mwenyeji wako kwamba hukujisumbua kusoma.

Usianze na mkurugenzi

Mkurugenzi anapokea maombi ya watoto wa shangazi, ya waumini wa kanisani kwake, ya waliosoma naye na ya mbunge. La kwako litazama. Isitoshe, mara nyingi si yeye anayejua nafasi itatoka lini. Anayejua ni mhasibu aliyekaa na bajeti ya mradi mpya na kuona mstari wa mshahara usio na jina. Anajua pia afisa miradi aliyeelemewa na kazi za watu wawili, pamoja na afisa rasilimali watu anayeandaa tangazo. Dereva naye anajua, maana safari za Dodoma ni ndefu na watu huzungumza garini.

Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha makala iliyokuja kuwa maarufu kuhusu jambo hili. Aliwahoji wanaume wa kitongoji cha Boston waliobadili kazi karibuni. Miongoni mwa waliopata kazi kupitia mtu, chini ya 17 kwa kila 100 walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Zaidi ya robo walikuwa wakionana naye kwa nadra sana. Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Rafiki yako wa karibu anasikia yaleyale unayoyasikia wewe. Aliye mbali kidogo yuko kwenye vikao usivyoalikwa.

Kwa hiyo kaa chini, uandike majina ya watu wako wa mbali. Yule mliyekuwa makarani wa sensa pamoja mwaka 2022. Yule wa darasa lenu Mzumbe aliyekwenda Kibondo kwenye kambi ya wakimbizi, naye akapotea. Muuguzi wa kituo cha afya ulikofanya utafiti wa shahada. Watafute hao kwanza. Na usiwaanze kwa shida yako. Waanze kwa kuwajulia hali, uulize wako wapi sasa na wanafanya nini.

Nenda wanakokutana, urudi tena

Hili ndilo linalowashinda wengi, kwa kuwa linadai miguu na uvumilivu. Dar es Salaam, TGNP wamekuwa wakifanya semina za jinsia na maendeleo kila Jumatano pale Mabibo kwa miaka mingi, na mlango uko wazi hata kwa asiye na asasi. Mtandao wa asasi uitwao Policy Forum una mdahalo wake wa asubuhi, Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Wiki ya AZAKI hukusanya asasi za nchi nzima. Imefanyika Dodoma, na mwaka 2023 ikafanyika Arusha. Fuatilia matangazo yao, ujisajili mapema.

Aliye mikoani asijitetee kwamba mambo yote yako Dar. Kila wilaya ina Afisa Maendeleo ya Jamii, na meza yake ndiyo inayopitiwa na kila asasi inayotaka kufanya kazi hapo. Anajua nani ana mradi wa maji, nani ana wa lishe, nani amepata fedha na nani amebaki na bango tu. Mwendee kwa adabu, jieleze, uliza asasi zilizopo. Halafu angalia kalenda: Siku ya Wanawake Duniani 8 Machi, Siku ya Mtoto wa Afrika 16 Juni, Siku 16 za Kupinga Ukatili wa Kijinsia kuanzia 25 Novemba hadi 10 Desemba. Kabla ya kila siku hizo asasi hukutana na halmashauri kupanga maadhimisho, na kamati za maandalizi hukosa mikono mwaka hadi mwaka. Wanahitajika watu wa kuandika muhtasari wa kikao, kupokea shule zitakazoshiriki, kufuatilia vipaza sauti na maturubai, kuhesabu maji ya kunywa. Jitokeze kwa kazi hiyo isiyo na picha. Kamati ya watu kumi na watano kutoka asasi nane ikikuona ukitimiza ulichoahidi kwa wiki tatu mfululizo, umepata mashahidi wa utendaji wako katika ofisi nane.

Neno mashahidi nimelichagua kwa makusudi. Anayekujua kwa sura hawezi kukusaidia sana kwenye sekta hii. Anayeweza ni yule aliyekuona ukifanya kazi, akaweza kuyasema aliyoyaona bila kubabaika akiulizwa.

Usiende kwa ajili ya posho

Sote tunamfahamu. Anafika saa nne, anasaini karatasi ya mahudhurio, anachagua kiti cha nyuma karibu na soketi, anaamka wali ukifika, kisha anauliza kwa sauti ya chini bahasha zinatolewa saa ngapi. Baada ya chakula haonekani. Anadhani hakuna aliyemwona. Waandaaji wamemwona, na orodha ya wageni wa semina ijayo huandikwa na waandaaji haohao.

Nauli ni haki yako kama umeahidiwa, na kuidai kwa ustaarabu si aibu. Aibu ni kuondoka ukiwa na nauli bila kumsikiliza hata mzungumzaji mmoja.

Uwe na swali moja, la kazi ya mwenzako

Ukipata dakika tano na mtu wakati wa chai, usimsimulie maisha yako. Muulize jambo moja alilolifanya. Baadaye, ndani ya siku mbili, mwandikie. Ujumbe wa kutoandika kamwe ni huu: "Habari boss, naomba unisaidie kazi yoyote, niko tayari hata kufagia. CV hiyo hapo." Umemtwisha mzigo mtu asiyekujua, na kwa kusema "yoyote" umemwambia kwamba hujui unachokiweza.

Mfano wa unaofaa: "Shikamoo Dada. Ni mimi tuliyekaa meza moja kwenye kikao cha lishe juzi. Ulisema vikundi vya hisa vya Kilwa vilikataa daftari jipya la hesabu. Nimelifikiria sana, kwa kuwa na kijijini kwetu ilikuwa hivyo. Mlilibadilisha, au mliwafundisha upya? Ukibanwa na kazi, hata ujumbe wa sauti utanitosha." Mtu anayependa kazi yake hujibu ujumbe wa namna hiyo, maana ni wachache wanaomuuliza.

Angalia na salamu. Aliyekuzidi umri mpe shikamoo yake, hata kama ofisini kwao wanaitana majina ya kwanza kama wazungu. "Dada" na "Kaka" zinatosha kwa wengi. Usimwite afisa miradi "mheshimiwa"; atajua unatafuta kitu. Na usipige simu saa mbili usiku.

Usimwage wasifu wako kwenye kundi la WhatsApp la watu mia mbili

Hakuna anayeufungua. Na namba yako, anwani yako na tarehe yako ya kuzaliwa zimeshafika kwa matapeli.

Jitolee, lakini kwa maandishi na kwa muda wenye mwisho

Kujitolea kumegeuzwa na baadhi ya ofisi kuwa njia ya kupata watumishi wa bure. Kijana anakaa mwaka mzima akichapisha barua na kununua vocha, akiahidiwa kwamba "mradi ukija utafikiriwa." Mradi unakuja, anaajiriwa mwingine. Kataa. Omba barua inayotaja majukumu, muda wa miezi mitatu au sita, msimamizi wako na nauli. Ofisi isiyotaka kuandika karatasi moja haitakukumbuka utakapohitaji kukumbukwa.

Ndani ya muda huo hakikisha unatoka na kitu chenye alama ya mkono wako: dodoso ulilolitengeneza kwenye KoboToolbox na likatumika, takwimu za robo mwaka ulizozisafisha, sura ya ripoti, kiambatisho cha bajeti kwenye andiko la mradi. Maneno "nilisaidia shughuli mbalimbali za ofisi" hayana thamani kwenye usaili. Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo, na najua kalamu za wasaili huacha kuandika wakisikia "shughuli mbalimbali."

Usitumie undugu kuruka foleni

Hapa nitakawia, kwani ndipo tunapodanganyana zaidi. Wengi hawaoni tofauti kati ya kufahamiana na kubebwa, au wanaiona na kuifumbia macho. Shangazi yako akiwa meneja wa shirika, una haki ya kumwomba akueleze shirika linafanya nini, mazingira ya kazi yakoje, na tangazo likitoka akutumie kiungo. Ukimwomba maswali ya usaili, umemwomba aibe. Ukimwomba aliondoe jina la mwingine kwenye orodha fupi ili lako liingie, umemwomba amdhulumu mtoto wa mtu.

Katika duka la mjomba wako jambo hilo lingekuwa la familia. Kwenye asasi ni jingine, kwa sababu mshahara unalipwa na fedha iliyotolewa kwa jina la mama wa Shinyanga asiye na maji. Akiajiriwa asiyeweza, kisima hakichimbwi. Na wafadhili hukagua. Mashirika mengi yana fomu ya kutangaza mgongano wa maslahi, na ikigundulika kwamba msaili alikuwa ndugu wa mwajiriwa na hakusema, wote wawili huondoka, wakati mwingine na mradi mzima.

Basi tangaza mwenyewe. Andika kwenye barua ya maombi kwamba una ndugu ndani ya shirika, utaje jina lake na uhusiano wenu. Kama yumo kwenye jopo, atatoka. Ukishinda hapo, hakuna atakayekunyooshea kidole, na shangazi atabaki na kazi yake.

Usinunue kazi kwa fedha wala kwa mwili

Umoja wa Mataifa hautozi ada katika hatua yoyote ya ajira: hauuzi fomu, hautozi usaili wala mafunzo. Mashirika makini hufuata utaratibu huohuo. Anayekuomba elfu hamsini "ya kuharakisha faili" ni tapeli, hata akiwa na kitambulisho chenye picha na kamba ya bluu shingoni.

Anayetaka mwili ametenda kosa la jinai. Kwa Tanzania, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitaja wazi rushwa ya ngono. Namba ya kupiga bure ya TAKUKURU, taasisi inayopambana na rushwa, ni 113. Tunza ujumbe wa mtu huyo, usiufute kwa hasira. Usikubali kuonana "kujadili nafasi yako" hotelini usiku, na usimlaumu dada aliyekwenda kwa kutojua, mlaumu aliyemwita.

Mwaka 2018 dunia ilisoma habari za watumishi wa Oxfam waliolipia ngono nchini Haiti baada ya tetemeko la 2010. Kilichowakera wengi ni kwamba baadhi waliondoka kimya wakapata kazi kwenye mashirika mengine. Kutokana na hasira hiyo, mwaka 2019 ulianza mpango wa mashirika kuulizana rasmi: mwombaji akifika hatua ya mwisho, waajiri wake wa miaka mitano iliyopita au zaidi huulizwa kama aliwahi kupatikana na hatia ya unyanyasaji wa kingono. Kwa hiyo wewe mwanamume unayeanza kazi na kuwaona wasichana wa kujitolea kama mboga za bustanini, jua kuna swali linakusubiri mbele.

Mwandae mdhamini wako

Usiweke jina la mkuu wa idara ambaye hawezi kukutofautisha na wenzako mia tatu wa mwaka ule. Weka msimamizi aliyekuona ukikosea na kujirekebisha. Mwombe ruhusa kila unapoomba kazi mpya, umtumie tangazo na barua yako, umkumbushe mambo mawili mliyoyafanya pamoja. Mdhamini anayepigiwa simu ghafla akiwa sokoni, akasema "nani? Aah, yule, ni kijana mzuri," amekuangusha bila kukusudia.

Usiwafanye wanufaika ngazi ya kupandia

Picha yako ukiwa umebeba mtoto wa kambini, uso wake wazi, ukiiweka LinkedIn na maneno ya kujisifu, haikupi heshima mbele ya watu wa kazi hii. Wanaona mtu asiyejua kanuni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na picha ya mtu mgonjwa, mkimbizi au aliyefanyiwa ukatili haiwekwi hadharani kwa sababu tu wewe unatafuta wafuasi. Unataka kuonyesha kazi? Andika ulichojifunza kuhusu dodoso, daftari au barabara mbovu.

Usimseme mwajiri wako wa zamani

Hata kama alikudhulumu. Peleka dhuluma kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, usiipeleke kwenye chai ya mapumziko.

Weka daftari la watu

Andika jina, mlikutana wapi, mliongea nini, uliahidi nini. Safu ya mwisho ndiyo muhimu. Ukiahidi kumtumia mtu ripoti, itume jioni hiyohiyo. Mara mbili au tatu kwa mwaka mpitie kila mmoja kwa sababu ya kweli: tangazo la ruzuku linalofaa asasi yake, pole ya msiba, hongera ya mradi. Usiwe mtu ambaye jina lake likitokea kwenye simu, mwenye simu anajua kuna ombi.

Na wasaidie walio chini yako. Kijana wa mwaka wa pili anayekuuliza leo namna ya kuandika barua anaweza kuwa afisa ruzuku baada ya miaka sita. Hata asipokuwa, barua yake inahitaji kusahihishwa.

Ukiitwa kwa kazi isiyokufaa, jibu siku hiyohiyo

Mtu akikupigia kwamba kuna nafasi ya miezi minne Kasulu nawe huwezi kwenda, usikae kimya wiki nzima kwa kuona haya. Mshukuru, mwambie huwezi na sababu, kisha mtajie mtu mmoja unayemjua anayeiweza kazi hiyo, baada ya kumuuliza mwenyewe kama yuko tayari. Usitaje watatu, anayetaja watatu hajachagua. Na usimtaje mtu ambaye hujawahi kuiona kazi yake, hata akiwa mdogo wako.